Viatu Mlangoni

Viatu vya jeshi vilikuwa mlangoni, vimepangwa sambamba, ncha zikitazama ndani. Mwanasha aliviona wakati uleule alipowaona askari wawili wakiijia nyumba yake.

Mumewe, Drani, alikuwa amerudi alfajiri ile. Kampala ilikwisha anguka mikononi mwa adui, naye alitoroka jeshi, akatupa sare, akajificha katika mashamba ya Aroi na kuhepa vizuizi vyote. Kisha, roho mkononi, akafika kwake na kuinama kizingitini kuvua viatu.

Nani wa kulaumiwa kama si Mwanasha? Tangu Drani, dereva wa jeshi aliyetumwa bandarini Mombasa kupokea malori, amwoe na kumleta Arua, yeye alikuwa akimhubiria mumewe kwamba kwao watu hawaingii ndani na viatu. Majirani walimcheka: sakafu ya udongo, na bado viatu vibaki nje! Yeye aliwaona washamba, wala hakuficha. Sasa Drani alikuwa chumbani nyuma ya magunia ya mihogo, na ustaarabu wa pwani ulikuwa ukimchongea mlangoni.

Kuviondoa viatu kungekuwa sawa na kuvionyesha kwa kidole. Alisimama mbele ya viatu, akaishusha kanga ivifunike.

"Mama, bwana yako iko wapi?" aliuliza Sajini Tombe, mtu mrefu mwenye macho mekundu. Mwenzake, Ocama, alikuwa pekupeku, nyayo zimepasuka.

"Hajarudi."

"Sisi natafuta askari ile nakimbia. Lazima tuingie ndani."

"Mtaingia, sajini. Lakini kwetu mgeni hupokewa kwanza barazani. Kaeni mle mahamri."

Njaa haijui amri. Walikaa kwenye baraza ya udongo ambayo Drani aliijenga kwa kulazimishwa na mkewe. Mwanasha hakuwa na haja ya kusogea. Mahamri ya biashara yalikuwa palepale karibu na mlango, yamekandwa kwa tui la karanga kwa kuwa nazi haikupatikana, na birika la kahawa juu ya makaa.

"Huko Mombasa watu nakaa namna gani?" Ocama aliuliza, kinywa kimejaa.

Akawasimulia. Nyumba zinazokaribiana hata jirani huomba chumvi kupitia dirishani. Muuza kahawa akigonganisha vikombe, na wazee wa baraza wanaobishana juu ya dunia nzima mpaka adhana iwanyamazishe. Mifereji inayokauka, wanawake wakipanga foleni na madebe. Joto, jamani, joto la kumkosesha mtu usingizi. Alisimulia kama anayeziba paa linalovuja, akiogopa kunyamaza.

Ndani, gunia likaanguka.

Tombe aliweka kikombe chini. Alitazama mlango, kisha akatazama chini ya pindo la kanga.

"Hii viatu ya nani?"

Uongo wote aliokuwa ameupanga ulimtoka kichwani. "Vya mume wangu," alisema, na machozi yakamtangulia. "Mimi ndiye niliyemfundisha kuvivua."

Sajini aliinama, akavichukua, akavipima kwa macho. Kisha akampa Ocama, naye akavivaa bila kuuliza.

"Sisi nakwenda Koboko, halafu Oraba, halafu navuka mpaka," Tombe alisema taratibu. "Sisi pia nakimbia, mama. Lakini nyuma iko wengine, na ile haitakunywa kahawa. Mwambie yeye aende miguu tupu. Mutu ya shamba hana viatu ya jeshi."

Akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika njiani, "Hapa hakuna mutu." Wakaenda zao.

Drani alitoka na jembe begani. Njia ya Dadamu ingewafikisha kwenye mpaka wa magharibi. Kizingitini, kwa mazoea, aliinama kutafuta viatu vyake, na mkono ukagusa udongo mtupu. Wakatazamana. Hakuna aliyecheka.

Mwanasha alivua ndara zake, akazipanga sambamba palepale, ncha zikitazama ndani.

"Wakija hao wengine, wadhani kuna mtu ndani," alisema.

Kisha akafunga mlango na kumfuata. Miaka yote aliyoishi Arua hakuwahi kuikanyaga njia ile kwa nyayo tupu. Ilikuwa bado na umande.