Laini Mdomoni mwa Fundi

Masele aliichomoa laini ya simu yangu, akaangalia mezani kwake, akakosa pa kuiweka, akaiweka mdomoni.

Sitanii. Aliibana kwa midomo, vile fundi cherehani anavyobana pini, huku dole gumba likiendelea kusugua kioo cha simu. Na midomo hiyo ilikuwa imetoka kufyonza kichwa cha sangara muda huo huo. Sahani bado ilikuwepo kando ya bisibisi zake, nzi wamejipanga ukingoni kama wateja waliowahi namba.

“Kaka Masele, hiyo ni laini yangu.”

“Mm,” akaitikia nayo mdomoni. “Iko salama.”

Ningekuwa na nafasi ya kuchagua ningeondoka pale pale. Sikuwa nayo.

Mimi nasoma masomo ya jioni. Niliacha shule kidato cha pili, sasa nataka kumaliza cha nne, na Mwalimu Nathaniel anasema nikishikilia hivi hivi nitafaulu. Nikienda darasani, mwanangu Mihayo hubaki na Mama Venant, jirani yangu wa ua mmoja huku Kiseke. Mihayo ndiyo kwanza anatambaa. Uji anakunywa akijisikia, lakini akishtuka usingizini hakuna kitu cha kumtuliza ila ziwa langu. Basi tulipatana: akizidiwa, Mama Venant ananiandikia meseji, maana kifurushi chake ni cha meseji tu, dakika za kupiga hana. Mwalimu naye akanikubalia: simu zote zizimwe, yangu ikae mezani na mlio wake. Ikisema “tiing”, nabeba vitabu nakimbia. Si mbali.

Ijumaa haikusema kitu. Usiku wake ilikuwa imejifanyia apdeti, ikaamka na sura mpya, herufi nene, rangi za kupendeza, nikaisifia kabisa. Jioni nikasoma hesabu kwa raha mpaka mwisho, nikarudi natembea taratibu. Nikamkuta mwanangu begani kwa Mama Venant, sauti imemkauka, kifua kimelowa matapishi, ananitazama kama mtu asiyenijua. Nilipoifungua simu, meseji zilikuwa zimejaa. Zote zilikuwa zimeingia kimyakimya.

“Mama Mihayo,” Mama Venant akaniambia, na hakupandisha sauti, ndiyo maana iliniuma. “Huyu nampenda kama mjukuu wangu. Lakini kukaa na mtoto analia mpaka anatapika, mama yake namwita haitiki, siwezi. Simu ikilia, nitakaa naye. Isipolia, Jumatatu usiniletee. Masomo yako utayasomea hapa ndani.”

Kwa hiyo Jumamosi nikamwacha Mihayo kwa dada yangu, nikaenda Mkuyuni kwa Masele, anayetengenezea simu kwenye baraza ya duka la vitambaa la Kanubhai. Watu wanamsifu. Sijui wanamsifia nini.

Alianza kwa kunipigia. Simu ikaita kwa sauti mpaka watu wakageuka.

“Si inalia hii?”

“Kupigiwa inalia. Meseji ndiyo hailii.”

“Ngoja.” Akaufuta mkono kwenye suruali, upande mmoja tu, akakamata simu yangu. Pale mbele nimeweka picha ya Mihayo. Dole likapita usoni kwake likaacha utelezi wa mafuta ya samaki kutoka paji la uso hadi kidevu. Nikajikaza. Ndipo akaingia ndani ya simu, akakunja uso.

“Mipangilio ndiyo nini?”

“Ndiyo hiyo unayoitafuta.”

“We dada! Nani siku hizi anaweka simu kwa Kiswahili? Hii simu au kitabu cha darasa la pili?” Akamgeukia mwenzake wa meza ya pili, kijana anayeuza makava ya simu. “Mayala, njoo uone, simu ya mtu imeandikwa *arifa*! Arifa, kaka, kama taarifa ya habari!”

Wakacheka. Mimi niliiweka Kiswahili siku ya kwanza kuinunua, kwa sababu nikiulizwa swali nataka kulielewa kabla ya kujibu. Nikamwambia hivyo.

“Sasa mimi nafanya kazi kwa kukariri,” akasema bila aibu. “Najua pa kubonyeza. Halafu apdeti nayo imehamisha vitu. Hapa spika ndogo imekufa, tuiflashi tu, ifutike yote ianze upya.”

“Ukiiflashi, picha zangu?”

“Zinaondoka. Utapiga nyingine.”

Hapo ndipo alipochomoa laini na kuiweka pale nilipokwisha kuwaambia. Nikageuza uso nitazame mfereji wa mbele ya baraza, nao ulikuwa umejaa magamba ya samaki na maji ya rangi ya mboga iliyochacha, na nawaapia ule mfereji ulikuwa na nafuu. Nilipogeuka tena, Mayala alikuwa ameinama begani kwa Masele na wote wametulia, utulivu ule wa wanaume ambao mwanamke anaujua hata akiwa amefumba macho.

Walikuwa kwenye picha zangu.

Picha yenyewe naijua. Nimetoka kujifungua, nimelala, kifua wazi, Mihayo ananyonya kwa mara ya kwanza. Dada yangu aliipiga ili tumtumie Baba Mihayo, ambaye alikuwa kazini Sengerema, ng'ambo ya ziwa, hakuwahi kuvuka. Duniani ilipigwa kwa ajili ya mtu mmoja. Na sasa dole la sangara lilikuwa linaivuta iwe kubwa.

“Natafuta mlio,” Masele akasema, laini ikichezacheza mdomoni.

“Mlio unautafuta kifuani kwangu?”

Mayala akajifanya anapanga makava.

Niliinyakua simu. Haikuwa hasira. Ilikuwa kinyaa, kile kinachoanzia chini ya ulimi, unatamani ukaoge na hujui uanzie wapi. Nikanyoosha kiganja. “Laini yangu.”

Kabla hajajibu, sauti ikatoka dukani. Alikuwa Jayshree, mke wa Kanubhai, utepe wa kupimia vitambaa uko shingoni.

“Wewe Masele! Toa uchafu huo mdomoni! Laini ya mtu ni kijiti cha meno? Na picha za watu unachungulia kwenye baraza yangu? Subiri mzee arudi. Meza hiyo utaibeba kichwani.”

Masele akaitema kiganjani mwake, akanipa imelowa. Niliipokea kwa pindo la kanga kama mtu anayeokota mende.

“Njoo ndani, mama,” Jayshree akaniambia. Akanipa kigoda, akaleta spiriti anayofutia vioo vya kabati na kipande cha pamba. Nikafuta laini. Nikafuta simu mbele, nyuma, pembeni. Nikafuta tena uso wa Mihayo mpaka utelezi ukaisha. Jayshree akanitazama, akasukuma chupa karibu. “Futa tu. Ingekuwa mimi ningeichemsha.”

Nikarudisha laini, nikafungua Mipangilio, nikaanza kusoma. Sikubonyeza kitu. Nilisoma mstari kwa mstari, kama tunavyofundishwa kusoma swali la mtihani. Nilipofika penye *Sauti*, nikaona. Zamani mlio wa kupigiwa na mlio wa meseji ilipandishwa kwa mstari mmoja. Apdeti ilikuwa imeitenganisha: wa kupigiwa uko juu, wa arifa umelala chini kabisa, sifuri. Nikaupandisha.

“Mama, naomba unitumie meseji.”

Nikamtajia namba yangu, akatuma. Kioo kikawaka. Kimya.

Nikaiona Jumatatu, nikamwona Mwalimu anaita jina langu na kiti kiko wazi.

“Soma tena,” Jayshree akasema, akikunja kitambaa cha mteja. “Bado haijakwambia yote.”

Nikaingia penye *Arifa*, nikaifuata programu ya meseji. Ndani yake palikuwa na mlango mpya ambao sikuwahi kuuona, *Mazungumzo*, na chini yake alama ya tiki imekaa penye neno *Kimya*. Wazi, kwa Kiswahili cha watu wote. Nikaigusa ile nyingine, nikachagua sauti.

“Tuma tena, mama.”

Tiing.

Mteja akashtuka. Jayshree akacheka, akatuma nyingine bila kuombwa, halafu nyingine. Tiing, tiing. Nilipopita barazani natoka, Masele akaniuliza, “Imelia? Umebonyeza wapi?” Nikauruka mfereji nikaenda zangu.

Mama Venant hakuniamini kwa maneno. Alinipeleka mpaka mwisho wa ua, akarudi kwake akafunga mlango, akaandika. Ikalia. Ndipo nikamsimulia habari ya laini, akaziba mdomo kwa mkono. “Mdomoni? Na sangara? Yesu na Maria!” Na ile ya picha nikamsimulia. Akanishika mkono.

Jumatatu, Mwalimu Nathaniel akiwa katikati ya ubao, simu ikasema tiing. Niliisoma nikiwa nimeshasimama: *Njoo.* Nilifika Mihayo ndiyo kwanza anavuta pumzi ya kilio cha pili. Nikakaa pale pale kizingitini, nikamnyonyesha, machozi yake yakakaukia kifuani kwangu.

“Umewahi,” Mama Venant akasema. “Kesho kuna somo?”

“Lipo, mama.”

“Basi mlete mapema, nimnyweshe uji kabla hujaondoka.”

Mihayo, ameshashiba na kusahau yote, akanyoosha mkono, akaikamata simu mapajani mwangu na kuielekeza mdomoni. Tukapiga kelele wote wawili kwa pamoja:

“Acha! Hiyo imetoka kwa Masele!”