Dakika Kumi za Kasuku

"Mifupa ya kifundo cha mkono!" mwalimu aliuliza, naye mwanafunzi waliyemwita Kasuku akaitaja yote minane bila hata kukuna kichwa. Darasa likampigia makofi. Mfagiaji hakupiga. Alikuwa na wivu.

Walimwita Mfagiaji kwa sababu alifagia wodi miaka kumi na mmoja kabla ya kuingia darasa la uuguzi. Akifeli muhula huu, anarudi kwenye ufagio, basi. Na huyo Kasuku, jamani, juzijuzi tu walikuwa wakifeli pamoja!

Kisha mwalimu akaligawa darasa kwa kura, wafanye jaribio. Nusu ya darasa wakae chumba cha pembeni kila asubuhi, dakika kumi, macho wamefumba, wakifuata pumzi. Nusu nyingine wasifanye. Mwisho wa muhula wangepimwa kumbukumbu. Utulivu ukionekana kusaidia, chumba kingekuwa cha wote. Kasuku aliangukia ndani, Mfagiaji nje.

"Dada, ni kukaa tu," Kasuku alimweleza. "Mawazo yakija, unayaacha yapite."

"Kukaa tu! Basi nipishe nikae mimi."

Hakupishwa. Kesho yake akajifungia stoo ya mashuka, akafumba macho. Siku ya kwanza aliishia kumsema Kasuku moyoni dakika zote kumi. Wiki ya pili mifupa ikaanza kukaa kichwani. Akawanong'oneza wenzake wa nje: kwa nini wafaidi wale peke yao? Wiki ya tatu stoo ilijaa, watu wamekaa hadi juu ya magodoro.

Siku ya matokeo Mfagiaji alipata thelathini na saba kati ya arobaini. Kasuku, thelathini na sita. Nusura Mfagiaji apige kigelegele.

"Makundi yote mawili yamepanda sawasawa," mwalimu alisema. "Kwa hiyo kutulia hakujasaidia kitu. Kesho chumba kinarudishwa kwa vitanda vibovu."

"Mwalimu, mimi kimenisaidia," Kasuku alisema. "Kwetu tunalala saba chumba kimoja. Sina pengine pa kutulia."

"Pole, binti. Matokeo ndiyo hayo."

Nyuma wale wa stoo waliinamia madaftari yao.

Kasuku alimgeukia Mfagiaji, machozi yakimlengalenga, akamshika mkono. "Hongera, dada. Umenipita bila hata kukaa. Kweli una kichwa."

Mfagiaji akafungua mdomo. Mwalimu alikuwa ameshakusanya karatasi zake, anaelekea mlangoni.

"Mwalimu," aliita, kwa sauti ndogo mno.