Mashairi ya Kiu

Anyitike aliondoka kijijini kwao Bujonde akiwa msichana, akapangiwa kufundisha Dodoma, akakaa huko hadi mvi zikamwota. Sasa amekuja likizo kumwona baba yake, na baba, kwa uzee, hamjui tena. Anamwita "mama", kwa adabu, kama anavyomwita mgeni yeyote. Kesho basi linaondoka alfajiri, na maskini hataki kingine: baba amtaje kwa jina lake, hata mara moja tu.

Baba huyo, Mzee Ezekiel, alikuwa na ubishi wake na zaburi, yale mashairi ya kale ya Waebrania. Yale ya mafuriko na vilindi vya kutisha aliyajua kwa ghibu. Mto ulipofurika, aliwapandisha watoto na kuku kitandani, akayaghani huku maji yakipita chini yao na masufuria ya mama yao yakielea. Raha ya siku zile Anyitike hajaipata tena popote. Lakini yale ya kiu, ya roho inayohangaika katika nchi kavu, mzee aliyaruka.

"Hayo ni ya watu wa jangwani," alisema. "Sisi hapa tunaomba mvua ikate."

Binti alipohamia Dodoma, mambo yakageuka. Mama yake, enzi za uhai wake, alimwambia kwenye simu kwamba baba siku hizi anasoma yale ya kiu tu, kila jioni, kwa sauti. Anyitike akacheka. Leo anajuta kwamba hakupanda basi siku ileile.

Jioni ya kuamkia safari aliketi na baba yake barazani, kakao zilizoanikwa zikiwa bado juani, akamsomea shairi moja la kiu polepole. Midomo ya mzee ikaanza kumfuata, neno kwa neno.

"Tata," akamwita baba kwa kikwao, "mimi ni nani?"

Mzee alimtazama. Kisha akajikongoja hadi ndani, akarudi na kikombe cha maji kilichojaa.

"Mama, nasikia kesho unasafiri."

"Ndiyo, tata."

"Ukipita Dodoma, mpe mwanangu haya. Anaitwa Anyitike. Kule alikokwenda hakuna maji."

Anyitike alikipokea kwa mikono miwili, machozi yakimtoka.

"Ndaga fijo, tata, asante sana. Nitamfikishia."

Koo lilikuwa limemkauka, lakini hakuthubutu kuyanywa. Mzee alikuwa bado anamtazama.