Ushuru wa Beseni na Ushuru wa Lori

Kwa miaka mingi kila mfanyabiashara wa soko la mpakani la Bwera alilipa ushuru wa shilingi elfu moja kwa siku, awe mama mwenye beseni la nyanya au Ziyad mwenye malori matatu ya saruji. Nasifah, muuza chumvi aliyekuwa ndiyo kwanza amechaguliwa mweka hazina wa chama cha soko, akaona hili halifai. Akaitisha mkutano.

"Beseni ilipe mia mbili, kibanda elfu moja, lori elfu kumi kila ikishusha," alisema. "Na kwa kila shilingi kumi, moja inakwenda benki. Haitoki mpaka soko ipate shida."

Ziyad alisimama taratibu, kanzu yake imenyooka kwa pasi. "Hajati, mimi nitapeleka malori yangu Kikorongo, kule mbugani."

"Peleka," Nasifah akamjibu. "Kule saruji utauzia nani, nyati?"

Watu wakaangua kicheko. Laurentine, mama wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyeuza mafuta ya mawese, ndiye aliyetangulia kuinua mkono. "Miye niko na beseni moja tu. Hii iko haki." Mikono mingine ikafuata. Ziyad alinuna mwezi mzima, lakini hakuhama.

Miezi minane baadaye mpaka ukafungwa. Malori hayakuja, wateja wa ng'ambo hawakuvuka, na kufikia wiki ya pili ushuru haukutosha hata kununua fagio. Baadhi ya wanachama wakamfuata Nasifah nyumbani, wakitaka akiba igawanywe kila mtu apate chake. Shemeji yake mwenyewe alikuwa mbele.

"Mukigawanya leo, kesho mulinzi hatakuja," aliwaambia. Waliondoka wakinung'unika, naye akabaki hana hakika kama amefanya vyema. Hata hivyo akiba ikalipa walinzi na wafagiaji kwa wiki tano.

Aliyemshangaza ni Ziyad. Saruji yake ilikuwa imejaa ghalani pale sokoni ikilindwa usiku na mchana na walinzi hao hao, na kwa kuwa hakushusha lori, hakudaiwa hata senti. Mpaka ulipofunguliwa alikuja kibandani kwa Nasifah, akakohoa.

"Hajati, moja kwa kumi ni kidogo. Tuweke mbili."

"Utasema mwenyewe kwa mkutano?"

"Nitasema."

Akasema kweli, tena kwa kirefu kuliko hotuba ya Ijumaa. Wakabishana, wakapatana kwenye moja na nusu, na Nasifah akakimbilia kufunika chumvi yake kabla mvua haijashuka.