Kushuka Mlima Kinyumenyume

Watu wengi hushuka mlima wakitazama wanakokwenda. Mimi niliushuka nikitazama nilikotoka, na ninaandika jinsi ilivyokuwa kwa sababu shemeji yangu amekuwa akiisimulia vibaya.

Mimi ni msokota kamba. Msokotaji hufunga bunda la katani kiunoni, hunasisha ncha kwenye ndoano ya gurudumu, kisha huondoka kinyumenyume, polepole, akiachia nyuzi kwa vidole huku mwenzake akizungusha gurudumu. Macho hayabanduki kwenye gurudumu hata kidogo. Banda letu ni refu kama mtaa na jembamba kama ujia. Mgongo ukigusa ukuta wa mwisho, unafungua uzi wako, unalirudia gurudumu na kuanza upya. Nimefanya hivyo tangu sijaota ndevu, na visigino vyangu vinaijua sakafu ile kuliko macho.

Kila mwaka karakana za mji wetu hushindana mbio za kupokezana vijiti, tangu jioni hadi asubuhi. Anayepewa mlima huupanda usiku upande huu na kushukia upande wa pili, ambako mkimbiaji wa mwisho anamngoja. Kukipambazuka hupulizwa baragumu. Ambaye hajapata kijiti hapo hakimbii tena. Anavaa koti lake, anakwenda nyumbani.

Mkimbiaji wetu wa mwisho alikuwa binti yangu, na koti hilo alikuwa amelivaa miaka miwili mfululizo. Mara ya kwanza mtu wetu wa mlimani alipotea njia, mara ya pili aliteguka mguu. Binti hakulalamika. Aliendelea kukimbia peke yake kila asubuhi kabla ya kuja kunizungushia gurudumu, nami nilikuwa nikiviona viatu vyake vimelowa umande, vimeegemezwa dirishani vikauke. Mwaka wa tatu, mchana wa siku yenyewe, mtu wetu wa mlimani akashikwa na homa.

Nahodha wetu ni shemeji, mdogo wake marehemu mke wangu. Alikuwa keshavaa viatu akatutoe mashindanoni, binti aliposema kwamba baba atapanda. Shemeji alicheka mpaka akashika mlango.

"Shemeji, ukifika juu utatafuta kiti. Kushuka tutakuletea jeneza."

Nikamwambia jeneza aanze kupimwa yeye, maana kwa tumbo lile seremala atahitaji mbao za ziada. Wote walicheka isipokuwa binti.

"Baba," akasema, "mimi nitakuwa nimesimama pale chini. Wewe njoo tu."

Kupanda hakukunisumbua kama walivyotarajia. Mvua ilikuwa nyembamba, na mwanga wa tochi yangu ulinitangulia kama mbwa anayejua nyumbani. Kadiri nilivyopanda, sauti za dunia zilibaki chini moja baada ya nyingine: mbwa, mto, hatimaye hata pumzi zangu nikawa nazisikia kwa mbali, kama za mtu anayelala chumba cha pili.

Kileleni pana kibanda cha mlinzi wa msitu. Alikuwa ametundika karabai mlangoni, na ndani wakimbiaji kadhaa wa karakana nyingine walikuwa wamejikunyata chini ya mablanketi, nguo zao zikifuka mvuke. Mlinzi akanieleza kwamba upande wa pili upepo unapanda kutoka bondeni na mvua ya mawe ndani yake, kwamba wachache waliotangulia waliwahi kabla haujachafuka, na hawa wote walijaribu wakarudishwa. Akanisogezea blanketi. Aliongea kwa upole sana, na upole ule ndio ulionitoa nje.

Hatua chache tu, nikaelewa. Mawe yale yalinipiga usoni kama mchele unaotupwa kwa hasira. Kufumbua macho hakukuwezekana, na tochi ilimulika weupe mtupu. Nikaupa upepo mgongo ili nipumue. Na hapo, mbele ya macho yangu, juu, nikaliona karabai likining'inia katika ukungu, duara la mwanga lenye miale, likitikiswa na upepo kiasi cha kuonekana linazunguka.

Sikuamua lolote. Miguu yenyewe ilianza kurudi nyuma.

Njia ilikuwa na mfereji mdogo uliochimbwa na maji, na kisigino changu cha kulia kikakaa ndani yake kama kilichokuwa kikiusubiri. Upepo ukawa kiti cha kuegemea. Nililitazama lile gurudumu la mwanga, nikaachia hatua moja, nikaachia nyingine, na mikono yangu, mmoja ukiwa na kijiti, ikashuka kiunoni na kuanza kulisha nyuzi zisizokuwepo. Ukungu ukasimama kuta mbili. Nikaona boriti za banda zikipita juu yangu. Nikasikia harufu ya katani mbichi. Marehemu kaka yangu, aliyenifundisha kazi, alikuwa akirudi nyuma sambamba nami kwenye uzi wake, bila kuniangalia, kama ilivyokuwa desturi yake kazini. Sikuona ajabu. Nilijisikia nimepumzika kuliko nilivyopata kupumzika kitandani.

Kisha mgongo wangu ukagusa kitu, mwamba nadhani, nami nikafungua uzi wangu na kwenda mbele, kuelekea kwenye gurudumu, kuanza upya.

Niliposhtuka nilikuwa nimeshika mwimo wa mlango wa kibanda. Mlinzi alinitazama bila mshangao, akasema blanketi langu bado liko palepale.

Nilisimama kwenye mwanga ule. Nilikuwa nimeuteremsha mwili wangu na kuurudisha juu mwenyewe, kwa heshima zote, kama mtu anayemaliza zamu. Na nilijua kwamba nikitoka tena nitafanya vilevile. Kila mwamba ungekuwa ukuta wa mwisho. Huko chini mwanangu amesimama, na mbingu nyuma ya ukungu ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

Ndipo nikaikumbuka kamba ya daraja. Hiyo tuliisokota mara moja tu, wakati kaka yangu yu hai. Ilitakiwa ndefu kuliko banda, isiyo na kiungo, kwa hiyo tulibomoa ukuta wa mwisho. Tulirudi nyuma tukapita pale palipokuwa na ukuta, tukapita uani, tukatoka barabarani, watu wakitupisha, na hakuna aliyejua tutasimama wapi.

Nikamwomba mlinzi asiliondoe karabai mlangoni. Nikalitazama vizuri, nikaanza upya, kamba ya daraja.

Boriti zilipita. Mgongo ukagusa mwamba. Nikauzunguka, kwa sababu ukuta ulikuwa umebomolewa. Kaka yangu alibaki mahali fulani huko uani. Karabai likawa sarafu, likawa punje, likazimika, na mimi nikaendelea kulitazama lilipokuwa. Mawe yakageuka mvua, mvua ikageuka manyunyu. Nikapita miti. Nikapita, nadhani, usingizi. Nyuma yangu nikasikia watu wakicheka, kisha mmoja wao akasema kwamba yule mzee anarudi mlimani, mwiteni. Miguu yangu ikapunguza mwendo, ikitaka kusikia amri.

"Baba." Ilikuwa sauti ya mtu anayejua kazi yangu. "Usisimame. Usigeuke. Njoo hivyohivyo."

Nikaenda hivyohivyo.

"Kushoto kidogo. Bado. Sasa leta mkono nyuma."

Nikaupeleka mkono nyuma. Vidole vyake vilikuwa vya moto. Akakishika kijiti, na nilihisi mvuto mdogo kabla sijakiachia, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umesahau jinsi ya kufunguka. Akaninong'oneza niachie, kama mtu anayemwambia mtoto aliyeshika kisu. Nikaachia.

Nilipogeuka hakuwepo. Palikuwa na njia, ukungu, na mwenye baragumu ameinua chombo chake mdomoni. Akakipuliza, sauti ikaingia bondeni, na chini ya sauti hiyo nikasikia viatu vya mwanangu vikipiga maji ya njiani, haraka haraka, vikienda. Nilisimama katikati ya njia nikisikiliza, mpaka mwenye baragumu akanishika kiwiko, akaniomba kwa adabu nisogee pembeni.