Mkebe Ndani ya Kaburi la Antoine

Emilienne alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, nyuma ya nyumba aliposikia pikipiki ikizimwa upande wa makaburi. Wiki hiyo hakuna mtu aliyekufa kijijini. Akatoka mbio, mchi ukiwa bado mkononi.

Kijiji chao kiko njia ya Kasongo kwenda Kabambare, kando ya kambi ya zamani ya kampuni ya dhahabu. Nyumba za wazungu zimebaki kuta, na mihogo inaota ndani ya ofisi. Baba yake, mzee Antoine, alilinda chumba cha mizani miaka ishirini, mpaka kampuni ilipofunga. Watu walisema hakuondoka mikono mitupu, na walisema kweli. Alipokufa wakati wa vita, Emilienne na mama yake ndio waliomvika, na mama akamfunga tumboni mkebe wa maziwa ya unga uliojaa dhahabu, kwa sababu askari walikuwa wanapekua kila nyumba na kuua watu kwa ajili ya redio tu. Mama naye akafa mwaka uliofuata. Emilienne hakumwambia mtu, hata mdogo wake Serge aliyemuuliza mara nyingi dhahabu ilikwenda wapi.

Sasa Serge alikuwa ndani ya kaburi la baba yao, analichimba, ukingo ukimfika kiunoni. Alikuja na wachimbaji wawili kutoka Kivu: Sylvestre, mrefu, panga kiunoni, na Djuma, mnene, aliyekwisha kuvua shati.

"Serge, unamufanya baba nini?"

"Rudi nyumbani, dada."

"Humu hamuna kitu."

"Kama hamuna, tutamurudishia udongo wake." Hakumtazama. "Wewe uko na shamba. Mie niko na nini?"

Emilienne akashuka ukingoni amshike mkono. Sylvestre akamvuta shingoni, akampiga ngumi ya mdomo, naye akaanguka juu ya kaburi la mama yake. Damu ikamjaa kinywani.

"Usimuguse," Serge alisema. Lakini hakutoka shimoni. Aliendelea kuchimba.

Mbao zilikuwa zimeoza. Serge mwenyewe ndiye aliyeingiza mkono kati ya mbavu za baba yake. Mkebe ulitoka umeliwa na kutu, ukapasuka ubavuni, na mchanga wa dhahabu ukamwagika kidogo kiganjani mwake. Akamwinulia dada yake uso, na kwa muda mfupi alikuwa na sura ile ya utotoni.

"Iko, dada. Tazama, iko."

Sylvestre alimpiga beleshi kisogoni. Serge akaanguka kifudifudi juu ya mifupa, miguu ikatikisika, ikatulia. Djuma akaruka ndani, akapiga magoti, akaanza kumfungua vidole kimoja kimoja ili autoe mkebe.

Emilienne akainuka. Akaushika mchi kwa mikono miwili na kuushusha juu ya kichwa cha Djuma. Djuma alilala juu ya Serge. Emilienne akampiga tena, akasikia mfupa ukivunjika. Akampiga tena.

Panga la Sylvestre lilimkuta mkono wa kuume, chini ya kiwiko, likafika mfupani. Alipiga yowe moja lililosikika mpaka mashamba ya karanga. Sylvestre akauchomoa mkebe mkononi mwa Serge, akarukia pikipiki.

Hakufika mbali. Kwenye daraja la magogo gurudumu liliingia kati ya miti miwili, na waliokuwa wakilima walikuwa wamekwisha kufika, wanaume na wanawake, na majembe yao. Aliwatajia jina lake na jina la mama yake. Aliwaambia wachukue dhahabu yote. Hawakuacha. Walipomaliza, mkebe haukuwapo tena, na hakuna aliyeuliza ulikwenda wapi.

Mchana shefu wa kijiji, Fidèle, alifika na daftari lake. Alimkuta Emilienne ameketi chini, mkono umefungwa kwa kikwembe kilicholowa damu. Walitaka kumpeleka hospitali ya Kasongo, naye alikataa kupanda pikipiki kabla mdogo wake hajazikwa. Mifupa ya baba yake alikuwa ameikusanya kwa mkono wa kushoto.

"Nitaandika kwamba hao wageni wawili waliuawa na raia wenye hasira," Fidèle alisema. Watu wakaitikia kwa vichwa.

"Mumoja tu, yule wa darajani. Yule wa shimoni nilimuua mimi."

"Mama Emilienne, hakuna mutu amekuuliza."

"Andika. Nilimupiga mara tatu. Ya kwanza ilitosha."

Fidèle akaandika. Emilienne akauliza nani atamwosha Serge. Hakuna aliyetaka kumgusa mtu aliyefukua kaburi la baba yake. Basi akaomba ndoo ya maji, akasogea kwa magoti, akaanza kuutoa udongo machoni mwa mdogo wake.