Mtu wa Mbele Shimoni

"Usijikaze, yaya Mechack. Enda tu vile munaendaka mule ndani."

Mechack alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza tatu zilizounganishwa katikati ya karakana. Fidélie alikuwa ameziba pande zote kwa mablanketi, akaacha uwazi mmoja tu wa kupitisha jicho la simu yake, aliyoiegemeza kwenye tofali. Mkono wa kulia Mechack alishika patasi, wa kushoto nyundo. Tochi ilikuwa imefungwa kwenye paji la uso kwa mpira wa baiskeli. Akasogea kwa viwiko, kidogo kidogo, akiburuta mguu wake mbovu nyuma yake.

Fidélie alimwita yaya, kama mtu anavyomwita mkubwa wake, ingawa hawakuwa ndugu. Mechack alikuwa mwenzake Josias, kaka yake Fidélie. Walichimba pamoja miaka minane, na siku shimo lilipoanguka, miaka miwili iliyopita, mmoja wao alitoka.

Karakana hiyo ya filamu za katuni ilikuwa chumba kimoja mjini Kolwezi, nyuma ya duka la dawa. Wakati Fidélie anaanza kazi walikuwa watatu. Shekina aliweka rangi, Stany alichora mandhari, na yeye alitembeza watu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuwapa mifupa watu waliochorwa kwenye kompyuta, kisha kuwasogeza picha baada ya picha, ishirini na nne kwa kila sekunde, mpaka mama wa katuni ainame kuchota maji na mtazamaji asahau kwamba mgongo huo haukuwahi kuumwa. Walitengeneza matangazo ya sabuni na nyimbo za watoto wa kanisa.

Kisha Antoine, mwenye karakana, akaenda Lubumbashi kwenye mkutano wa watu wa kazi hiyo, akarudi na habari. Imetoka programu mpya. Unaandika maneno, yenyewe inakupa filamu. Karakana moja ya Kinshasa iliyokuwa na watu ishirini ilikuwa imebaki na wanne. Mwezi haukuisha, Shekina akaambiwa apumzike nyumbani kwanza. Stany akaaga mwenyewe, akarudi kwao Fungurume kuendesha lori.

Ndipo ushirika mmoja wa wachimbaji ukaagiza filamu saba za usalama, ya kwanza ya dakika nne, ya kuwafundisha watu dalili za shimo linalotaka kuanguka. Antoine aliandika maneno yake asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana filamu ilikuwa tayari, na ilikuwa nzuri. Mwanga ulicheza ukutani, jasho liling'aa kwenye mashavu ya wachimbaji, na udongo ulipoporomoka wote walikimbia.

Fidélie aliitazama mara mbili.

"Banakimbia," alisema.

"Na kisha?"

"Mu shimo ya mita moja, nani anakimbiaka, patron? Na tena bulongo inaanguka tu mara moja. Haitangulize hata alama. Batu batajifunza nini?"

"Fidélie, hii mashini iliona filme zote za dunia."

"Mule haikuona. Hakuna mutu aliingizaka kamera mule."

Antoine alivua miwani akaifuta kwa shati. Hakuwa mtu mbaya. "Fanya ya kwako, mpaka siku ya tano," akasema. "Mi niko na client anangojea."

Kwa hiyo Fidélie akamtafuta mtu pekee aliyemjua ambaye macho yake yalikuwa yameona.

Chini ya meza, Mechack alianza kugonga. Nyundo ilitoa mlio mfupi, wa kipimo. Akagonga, akapangusa, akagonga. Kisha akasimamisha mkono hewani.

Hakusogea. Fidélie alitazama kipimo cha muda kwenye simu: sekunde nne, saba, kumi, kumi na moja.

"Unasikia nini, yaya?"

"Inalia. Pole pole. Kama mutu anatafuna muhogo mukavu." Akajigusa shingoni. "Na bulongo kidogo inaingia hapa."

"Muzuri. Sasa?"

Mechack akaurudisha mkono ukutani, akaendelea kugonga.

"Hapana, yaya, umesahau. Ukisikia, si unatoka?"

"Sikusahau."

Nyundo ikasimama. Alibaki amelala, uso umeelekea sakafu ya saruji, na maneno yakatoka huko chini kama yanatoka kwa mtu mwingine.

"Nilisikia, Fidélie. Nikawaza, mufuko moja tu, kisha tunatoka. Josias alikuwa nyuma yangu. Akauliza, 'Yaya, iko namna gani?' Nikamwambia, 'Ni bulongo tu, inajikalisha.' Akaniamini. Kisha ikashuka nyuma yangu, juu yake. Mi nilikuwa mbele, kwenye jiwe nguvu, mpaka bakakuja kunifukua. Njo mana niko hapa."

Fidélie alishika ukingo wa meza. Kila mtu mtaani alijua jinsi Josias alivyokufa. Alikuwa amekwisha kufika karibu na mlango wa shimo, akasikia udongo unalia, akarudi ndani kuwaonya wenzake. Mchungaji alilisema hilo juu ya kaburi. Mama Bilonda, mama yao, alilirudia kwa kila mgeni, na kila aliporudia mgongo wake ulinyooka kidogo.

"Hakurudi kuita batu?"

"Alikuwa anajaza mufuko."

"Mbona ulimudanganya Mama?"

"Sikumudanganya. Mupasta alisema, Mama akapata nguvu. Mi nilikosa pa kuingilia."

Fidélie alitoka nje. Barabarani malori yaliyobeba madini yalikuwa yamepanga msururu, na vumbi jekundu lilikuwa limetanda juu ya mikate ya mama mmoja aliyekuwa akiifunika kwa nailoni, bila haraka. Fidélie alisimama hapo mpaka malori kumi na matatu yakapita. Aliporudi, Mechack alikuwa amejitoa chini ya meza, ameketi sakafuni, tochi ingali inawaka kwenye paji lake mchana ule.

"Nitaifuta," Fidélie alisema, akiinua simu. "Nitafanya mutu anasikia, anatoka. Njo bitu banaomba."

"Weka vile nilifanya."

"Batu bataona."

"Baone. Kila mutu pale anajua kusikia, Fidélie. Hakuna muchimbaji hajue kusikia. Ni kubaki njo inatuua."

Fidélie alifanya kazi siku nne. Kuporomoka kwa udongo hakukumchukua muda, udongo hauna moyo. Zilizomtesa ni zile sekunde kumi na moja. Picha mia mbili sitini na nne za mtu asiyefanya lolote. Akizituliza kabisa, mtu anakuwa gogo. Akizisogeza kidogo zaidi, anakuwa mchekeshaji. Alimpa pumzi mbavuni. Akampa punje za udongo zinazoteleza shingoni, moja, kisha mbili. Uso alimchorea wa mtu asiyejulikana na yeyote, lakini mabega yalikuwa ya Mechack, hakupata mengine.

Kisha ukaja mkono unaorudi ukutani. Mara ya kwanza ulionekana mkono wa mlafi. Fidélie aliutazama kwa raha ya uchungu, akauacha hivyo nusu siku nzima. Haukuwa wa kweli. Akaufanya upya, ukawa mkono wa mjinga. Akaufanya mara tisa. Mara ya mwisho aliuchelewesha kwa picha nne tu, vidole vikafunguka kidogo kabla ya kukaza patasi, na hapo kwenye kioo ukawa mkono wa mtu aliyechoka, ambaye bado hajafika mwisho wa siku. Josias naye alikuwa na mkono huo. Fidélie alifunika uso kwa kitenge, akalia, na Antoine akajifanya anatafuta waya.

Siku ya tano asubuhi, kabla watu hawajaingia kazini, walitundika shuka nyeupe kwenye banda la ushirika. Wachimbaji kama sitini walikaa juu ya mifuko yao mitupu. Antoine alianza na filamu ya mashine. Waliifurahia. Walipiga miluzi mtu wa kwanza alipokimbia, na mmoja akapaza sauti, "Huyu meno yake ni ya mutu wa benki!"

Kisha ikaja ya pili. Walipomwona mtu anatambaa kwa viwiko, kelele zikapungua. Mkono uliposimama hewani zikaisha. Sekunde kumi na moja banda zima halikukohoa. Mkono ulipoanza kurudi ukutani, mzee mmoja mbele alisema kwa sauti ndogo, kama anamwambia mtoto, "Toka. Toka, baba." Mtu wa kwenye shuka hakutoka.

Ilipokwisha hawakupiga makofi. Waliinuka mmoja mmoja, wakakunja mifuko yao.

Kyungu, mjumbe wa ushirika, alimvuta Antoine pembeni. "Tunachukua ile ya mama huyu," alisema. "Lakini zile sita zingine, za helmeti na za kunawa mikono, fanya na mashini. Ni ya haraka."

Antoine alimtazama Fidélie, kisha akatazama chini. Fidélie alikuwa amekwisha kusikia. Alikunja shuka, pembe kwa pembe.

Mechack, aliyeitazama filamu akiwa nyuma kabisa, alimfuata nje baada ya kunawa uso, maji bado yanamtiririka kidevuni.

"Mama iko nyumbani?" aliuliza. "Sasa nimepata pa kuingilia."

"Saa hii iko."

Walipanda pikipiki moja, wakashuka penye kona, wakamalizia kwa miguu, polepole kwa ajili ya mguu wake. Mama Bilonda alikuwa uani anapeta unga. Alipomwona Mechack alifurahi, akaingia ndani, akatoka na kiti cha plastiki, akakifuta kwa ncha ya kitenge chake.

"Ikala, mutoto yangu. Ni siku mingi. Fidélie, lete maji."

Fidélie hakwenda kuleta maji. Mechack alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Unga mweupe uliokuwa hewani ulishuka taratibu juu ya kiti kile kitupu, na mama, angali anatabasamu, akaanza kuwatazama nyuso zao, mmoja baada ya mwingine.